Kandambili za Magotini

Siku hizi Pimamaji alikuwa haamki mara moja. Aliamka kwa mafungu. Kwanza yaliamka macho, kisha mdomo ukaanza kulilaumu godoro, kisha mikono ikashika ubao wa kitanda, na magoti yakabaki nyuma yakibembelezwa kama watoto wasiotaka kwenda shule. Asubuhi hiyo mkewe, ambaye tayari alikuwa mbele ya cherehani yake chumba cha pili, alisikia kishindo, halafu kimya. Akaacha kukanyaga pedali. Alipochungulia alimkuta mumewe yuko chini, mikono na miguu, kichwa kimezama uvunguni mwa kitanda.

"Unatafuta nini?"

"Soksi."

"Ya mguu gani?"

"Wa kushoto."

Mke akaitazama miguu ya mumewe, na soksi zake zote mbili, kila moja mahali pake. Akainama akampa bega. Mume akalishika kana kwamba ni yeye anayemsaidia mwenzake, akapanda juu taratibu huku akitoa mlio wa mlango uliokosa mafuta.

"Kumbe nilikuwa nimeivaa," alisema alipofika juu.

"Soksi za siku hizi zina ujanja," mkewe akamjibu, akarudi kwenye cherehani.

Jina la Pimamaji alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu ya kile kifaa chenye tone la hewa ndani ya maji ambacho hakikumtoka mkononi. Kazi yake ilikuwa kutandaza vigae, na sakafu alizozilaza mjini pale ukizikusanya zingefunika uwanja wa mpira na chenji ikabaki. Ugonjwa wa usawa ulikuwa umemwingia mwilini. Akiletewa chai, kabla ya kunywa aliinama akaitazama kwa jicho moja, kuona kama imelala sawa kikombeni.

Na alikuwa na imani yake moja ambayo hukuweza kuing'oa hata kwa winchi. Alifanya kazi goti tupu. Wenzake walijifunga matambara, mwingine alitembea na mto wa kochi. Yeye aliwaita mabwana harusi. Fundi aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba goti la fundi lina masikio: ukipita juu ya kigae ambacho chini yake saruji haikujaa, goti tupu linausikia uwazi ule. Pimamaji alilishika neno hilo tangu ujana. Na kweli, haikuwahi kutokea kigae kitupu kikampita. Alikuwa akisogea kinyumenyume kama kaa, mara anasimama, anasema, "Hapa pana uwazi," anakibandua, na kweli unaukuta uwazi.

Kazi ya mwisho ilikuwa sakafu ya duka. Alipoimaliza, goti la kulia lilikuwa limeumuka kama unga uliozidiwa hamira. Mkewe alimburuta hadi zahanati, na muuguzi, mama mmoja mpole mwenye vidole baridi, alilibonyeza huku na huku.

"Mzee, hapa kati ya ngozi na mfupa hakuna mnofu. Kuna kifuko kidogo tu cha majimaji. Umekikalia miaka yote hiyo, sasa kimenuna."

"Kitaacha lini kununa?"

"Ukikiacha kipumzike. Na ukirudi kazini, goti tupu lisiguse tena sakafu. Usikae chini mpaka likakaza. Inuka kabla halijakulazimisha. Usipofuata hayo, kazi utaiacha, na hutaulizwa kama unataka."

Haya yote yangeweza kumalizika kwa Pimamaji kukaa nyumbani na kumsumbua mkewe. Lakini palikuwa na nyumba ya binti yao.

Binti huyo, wa mwisho na wa kike pekee, alikuwa amejenga kidogo kidogo, ukuta huu mwaka huu, dirisha lile mwaka ujao, hadi nyumba ikafika kwenye paa. Kilichobaki ni sakafu. Tangu akiwa mdogo, akichezea vipande vya vigae vilivyobaki kazini, baba yake alimwahidi kwamba siku akiwa na nyumba, sakafu yake haitaguswa na mkono mwingine. Mtoto alikuwa amekua, ahadi nayo imekua, na sasa vigae vilikuwa vimepangwa ukumbini ndani ya maboksi yao vikisubiri.

Jioni ile baada ya zahanati, binti alikuja. Alikuwa na kichwa kigumu, na asiyejua amekitoa wapi angemtazama tu baba yake.

"Baba, nisikilize mpaka nimalize. Sakafu nataka uitandaze wewe. Lakini ukija na goti tupu, nakufungia mlango. Kama huwezi kuvaa kitu magotini, kuna fundi mwingine anaanza Jumatatu ya wiki ijayo."

"Fundi gani?"

Binti akamtaja.

"Yule? Yule ambaye vigae vyake vinacheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza?"

"Ana vifaa vya magoti."

"Hata mimi ninavyo. Uliniletea mwenyewe."

"Viko wapi?"

Pimamaji akatazama pembeni. Vile vya dukani, vya plastiki ngumu, alivivaa siku moja, vikateleza juu ya vigae akaenda navyo mpaka ukutani. Sasa vilikuwa uani, na kimoja kuku alikuwa amekifanya kiota.

Binti alipoondoka mkewe alimletea chai. Pimamaji akaichukua, akanywa moja kwa moja. Hakuinama kuitazama. Mke akaona, na moyo wake ukamwuma kuliko angemwona analia. Akilini mwake aliiona sakafu ya binti ikitandazwa na yule mwingine, na huyu mzee akialikwa kwenda kuitazama, akiingia na kusema ni nzuri, ni nzuri sana, na kurudi nyumbani amezeeka kwa mara moja.

"Simama hapo," akamwambia. Akaitoa tepu shingoni.

Alimpima kama alivyowapima watu wa suruali tangu alipoijua sindano: wima, mguu umenyooka, juu ya goti, chini ya goti, mzunguko. Alikuwa na sponji ya kochi na kipande cha mahameli ya bluu kilichobaki kwenye kazi ya mteja. Siku mbili alikata na kushona pedi mbili za magoti, akatia pindo na mikanda miwili ya mpira kwa kila goti, mmoja juu mmoja chini. Zilipokamilika zilikuwa nzuri hata ungeziweka juu ya kabati kama pambo.

"Hizi ni za sakafu au za posa?" Pimamaji aliuliza.

"Vaa, acha maneno."

Akazivaa, akazunguka sebuleni akijipiga kifua. Kisha akashuka, kwa mafungu, akapiga magoti. Hapo hapo uso ukabadilika. Mkanda wa juu ulimwingia nyuma ya goti kama waya. Sponji ikalala chini yake ikawa bapa, kama haikuwahi kuwepo. Akajaribu kusogea, mahameli ikabaki nyuma, goti likatangulia. Kabla hajafika ukutani miguu ilishaanza kufa ganzi.

"Umenifunga kama kuku wa sokoni," alisema, akafungua mikanda. Kisha akasema kwa sauti laini, sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo, "Basi. Angalau tumejaribu."

Ni ile sauti laini iliyomuudhi mkewe. Aliyachukua yale mapambo yake, akaenda chumba cha cherehani, akasukuma mlango. Alikasirika kidogo, akavuta gunia la matambara apate kitu cha kurarua. Mkono ukatoka na suruali ya kazi ya mumewe, ya zamani. Akavuta tena, nyingine. Zilikuwa nyingi, alikuwa hatupi suruali ya mume. Akazitandaza juu ya meza.

Kila moja ilikuwa na viraka alivyoviweka yeye, pale pale anapopajua fundi cherehani kuwa ndipo goti. Na kila kiraka katikati kilikuwa kizima. Kilichokuwa kimelika ni ukingo wa chini na kitambaa kinachoufuata, kuelekea kwenye muundi. Huko nako alikuwa ameweka kiraka cha pili, na kwingine cha tatu, miaka nenda miaka rudi, bila hata siku moja kujiuliza kwa nini goti la mume wake linashuka.

Alikaa akazitazama. Kisha akafunga mlango vizuri, akavua kanga, akavaa suruali moja. Akaenda jikoni, kwenye sakafu ngumu, akapiga magoti.

Pimamaji alikuja kutafuta maji ya kunywa, akamkuta mkewe ndani ya suruali yake, kapiga magoti katikati ya jiko, anajisogeza mbele na nyuma.

"Umepoteza sindano?"

"Nimepoteza akili, nazitafuta. Njoo hapa. Ukiwa chini, uzito unaulalia wapi? Kwenye pia ya goti au hapa chini yake?"

Pimamaji akaegemea mlango. Swali la kazi lilimfanya asahau kucheka. "Inategemea. Nikijikalia nyuma, ni hapo chini, juu ya muundi. Nikinyoosha mkono kusukuma kigae, naenda na pia nzima."

"Na kazi yako ni kunyoosha mkono kutwa."

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Na goti likikunjwa linanenepa," alisema mkewe, akilishikashika la kwake. "Halafu mimi nakupima umesimama. Miaka yote nakupima umesimama, na wewe maisha yako yote uko chini." Akanyoosha mkono. "Haya, nivute, mguu umekufa."

Akamvuta. Ilikuwa mara ya kwanza siku nyingi yeye ndiye anayevuta, na alivuta kwa madaha.

Usiku ule alimpima upya, amepiga magoti juu ya godoro. Tepu ilisema mambo mengine kabisa. Kesho yake asubuhi Pimamaji alitoka bafuni amejifunga taulo, akasimama mlangoni kwa mguu mmoja kama korongo.

"Mama. Kandambili zangu ziko wapi?"

"Ziko kazini."

Zilikuwa juu ya meza, zimeshakatwa. Sponji ilikuwa imemshinda kwa ulaini, plastiki ilikuwa ngumu kama roho ya mwenye nyumba; lakini mpira wa kandambili ulikuwa unabonyea na kurudi, bila kuteleza. Mkewe alitoboa tundu pana katikati, la pia kukaa bila kuguswa, uzito ubebwe na pande zote na zaidi na ule upande wa chini uliokuwa ukila suruali. Juu akalaza sponji nyembamba. Mkanda akauweka mmoja tu, mpana, unaoshika juu ya shavu la mguu, na nyuma ya goti hakuweka kitu. Mahameli hakutumia. Alitumia suruali kuukuu.

Pimamaji akapiga magoti uani. Akasogea mbele. Akarudi nyuma. Kuku akasimama kumtazama. Akanyoosha mkono mbele kadiri ulivyofika, akakaa hivyo, na mkewe akasubiri uso wake ubadilike. Haukubadilika.

"Unajisikiaje?"

"Kama niko kitandani." Alisema hivyo, lakini hakuwa na furaha. Alibaki pale chini anaisugua sakafu kwa kiganja. "Tatizo ni kwamba goti halisikii kitu."

"Halisikii maumivu."

"Halisikii sakafu, mke wangu. Nikiacha kigae kitupu chini ya kabati la mtoto, mwaka hauishi kitapasuka. Hizi ni nzuri. Umeweza kweli. Lakini bora yule mwenye meno yanayocheza atandaze, kuliko mimi nitandaze kama kipofu."

Mkewe hakubisha. Alimjua, hakuwa anatafuta visingizio. Mtu huyu alikuwa anaogopa kumharibia mwanawe sakafu, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli kuliko ukaidi wote wa nyuma. Alikaa na jambo hilo siku kadhaa huku goti likipoa kwa vitambaa vya maji baridi na uvimbe ukinywea. Na kila alipokanyaga pedali, kitu kilimrudia sikioni, akakikosa, kikarudi.

Jumamosi akasema, "Twende kwa mtoto. Chukua vifaa vyako."

"Kufanya nini?"

"Kutembea. Huruhusiwi kutembea?"

Nyumba ya binti ilikuwa na kibaraza ambacho wajenzi walikitandaza vigae haraka haraka, kabla Pimamaji hajapata nafasi. Mama alimvuta binti pembeni. Alitaka kujua kama kibaraza kile kina kasoro.

"Kinazo mbili," binti alinong'ona. "Kigae kimoja karibu na nguzo, kimoja karibu na ngazi. Nikitua ndoo pale inalia tofauti. Usimwambie, atang'oa chote."

Mama akamrudia mumewe. "Vua hizo za magotini. Nipe nyundo. Pita kibaraza hiki goti tupu, useme penye uwazi."

"Mama!" binti akasema.

"Mara moja tu. Nimeshampa ruhusa."

Nyundo ya mpira yenye mpini wa mti ikabaki mkononi mwa mke. Pimamaji akashuka, akaanza kusogea kinyumenyume, taratibu, goti hili, goti lile, midomo imebanwa. Akapita karibu na nguzo. Akapita karibu na ngazi. Akafika mwisho.

"Kimejaa chote," alisema. "Wamejitahidi, nilikuwa nawadhania vibaya."

Binti alifungua mdomo, mama akamkonyeza.

"Sasa vaa. Chukua nyundo yako. Rudi ulikotoka, kama uko kazini."

"Nikiwa sisikii?"

"Wewe rudi."

Akavaa, akashika nyundo mkono wa kushoto, kama alivyoishika siku zote, akaanza kurudi. Goti hili, goti lile. Na kila aliposogea, ule mkono wa kushoto ulishuka wenyewe kumshikilia, na kitako cha mpini kikagusa kigae. Tok. Akasogea. Tok. Akasogea. Mkewe alifumba macho. Ndio huo. Ndio mlio uliokuwa ukimjia juu ya cherehani. Aliusikia mwaka ule Pimamaji alipotandaza vyumba vyao wenyewe, yeye akishona upande wa pili wa ukuta. Tok, tok, tok.

Karibu na ngazi mlio ukageuka. Puk.

Pimamaji akasimama. "Hapa pana uwazi," alisema.

Akainua kichwa, akamwona binti amejiziba mdomo kwa mkono, na mkewe anamtazama kwa macho ambayo hakuyaona tangu enzi za uchumba. Akayatazama magoti yake, yamelala juu ya kandambili zake za bafuni. Akaitazama nyundo. Akakigonga kigae tena kwa makusudi. Puk. Akakigonga cha jirani. Tok.

"Ni mkono," alisema polepole.

"Ni mkono na sikio."

"Na goti?"

"Goti lilikuwa linakubeba tu, mume wangu. Linasingiziwa mengine."

Watu wengine wangecheka, na binti karibu acheke, lakini mama alijua kwamba mtu akionyeshwa kuwa ameumia bure miaka yote hiyo, anahitaji nafasi. Akashuka akakaa naye kibarazani.

"Ningejua mapema," alisema Pimamaji.

"Hata mimi ningesikiliza mapema. Nilikuwa nashona."

Kisha akaendelea hadi kwenye nguzo, puk, akamgeukia binti yake. "Mwambie yule wa Jumatatu asije. Na hiki kibaraza naking'oa chote."

"Nilijua," binti akasema.

Kazi ile ilichukua muda kuliko Pimamaji alivyozoea, maana mkewe alikuja nayo cherehani, akaiweka ukumbini, akashonea pale pale. Kila safu ikiisha aliita, "Inuka." Pimamaji alinung'unika kwamba amekuwa kama mtoto wa chekechea, lakini aliinuka, akajinyoosha, akatembea hadi mlangoni na kurudi. Vigae vya karibu alivifanyia kazi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na jioni akawa anakwenda nyumbani kwa miguu yake. Siku moja mmoja wa wale mabwana harusi alipita, akaona zile kandambili magotini, akaanza kutabasamu.

"Tabasamu tu," Pimamaji akamwambia. "Ukitaka za kwako, mpigie magoti huyo mama. Anapima watu wakiwa chini."

Kigae cha mwisho kilikuwa cha kizingiti, kati ya chumba cha kulala na ukumbi. Alikilaza, akaweka pima maji, akaitazama kwa jicho moja. Tone likasimama katikati. Badala ya kukigonga, akamwita mkewe.

"Njoo ugonge hiki. Nataka masikio mawili zaidi."

Mkewe akaacha cherehani. Alipoanza kuinama, Pimamaji akafungua mkanda wa goti la kulia, akaitoa ile kandambili, akamtandikia, yeye mwenyewe akauhamishia uzito upande wa kushoto uliobaki na ya kwake. Wakapiga magoti bega kwa bega, kila mmoja na kandambili moja. Mke akashika mpini, akagonga. Tok. Akagonga pembe, moja baada ya nyingine. Tok, tok.

"Unasikiaje?"

"Kimejaa."

"Kimejaa," alikubali mumewe.

Binti akauliza kutoka nje kama sasa anaweza kuingia.

"Kesho," baba yake akajibu. "Acha kishike."

Wakabaki pale. Mke akajaribu kunyanyuka, mguu ukakataa. Mume akajaribu kumpa bega, akagundua kwamba na yeye analihitaji la mwenziwe. Wakatazamana.

"Sasa nani anamwinua nani?" mke akauliza.

Pimamaji akatazama huku na huku juu ya sakafu yake mpya, kama mtu aliyepoteza kitu. "Hebu kwanza tuitafute ile soksi," alisema.